Sikio kwenye injini, kalamu kwenye mikopo

Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Busia, upande wa Uganda.

Nina miaka 31, nina mke na watoto wawili, wa kwanza yuko P.2. Kwa miaka sita sasa ni afisa mikopo katika kampuni moja ndogo ya fedha hapa mjini. Kutwa nzima niko juu ya pikipiki ya ofisi: asubuhi sokoni, mchana vijijini, jioni narudi kuingiza marejesho kwenye kompyuta. Mshahara ni shilingi 750,000 kabla ya makato. Si haba, najua, hasa nikiwaangalia wale niliosoma nao diploma ambao mpaka leo wanazunguka na bahasha za vyeti kwapani.

Lakini Shangazi, kazi hii imeanza kunikaba. Mwezi uliopita tulitumwa kwa mama mmoja aliyekopa 600,000 za kuuza viazi. Alikuwa amebakiza 180,000. Tulipofika hakuwepo, na msimamizi wetu akaamuru sofa ibebwe. Juu ya sofa alikuwa amekaa mtoto wa miaka kama minne, anakula muhogo, wala hakuelewa kwamba anatakiwa ashuke. Mimi ndiye niliyemshusha. Tangu siku hiyo nikikaribia geti la ofisi najikuta natafuta sababu ya kupitiliza.

Upande wa pili kuna hili. Tangu utotoni mimi nasikia injini. Sijui niseme vipi usinicheke. Juzi hapa stegi, kituo cha boda boda, kulikuwa na pikipiki ya kijana mmoja, Boxer, inagonga. Makanika wawili walishamwambia pistoni imekwisha, akatafute fedha. Nikaomba bisibisi ndefu, nikagusisha ncha kwenye injini na mpini nikauweka sikioni. Chini kulikuwa kimya. Kugonga kulikuwa juu, kwenye kichwa, tik, tik, tik kavu, inayokwenda nusu ya mwendo wa injini. Nikamwambia hiyo valvu imelegea, acha injini ipoe kabisa ndipo uirekebishe. Ilimgharimu elfu kumi badala ya laki na zaidi. Siku hizi pale stegi hawaniiti afisa, wananiita Daktari. Jumapili nikitoka kanisani nakuta pikipiki nne, tano, zinanisubiri nyumbani. Mke wangu, ambaye anauza mukene, yaani dagaa, wa Majanji, anasema siku hiyo ndiyo pekee anayonisikia nikiimba.

Nataka kuacha kazi nifungue gereji. Nina akiba ya milioni 2 na laki 3, na kuna fedha zangu za NSSF.

Vikwazo ni viwili. Meneja ameniita, anataka kunipandisha niwasimamie maafisa wengine, kwa sababu kati ya wateja wangu 214 wanaochelewa ni tisa tu, wakati wenzangu wana thelathini, arobaini. Mshahara utafika 1,100,000, na jibu analitaka mwisho wa mwezi. Kikwazo cha pili ni baba. Ni mwanajeshi mstaafu, alikuwa fundi wa malori jeshini, nasi tumekulia kambini Jinja. Aliuza ng'ombe wawili nimalize diploma. Nilipomdokezea habari ya gereji aliweka kikombe chini akasema, "Nimenusa oili miaka 22 ili wewe usiinuse." Akatoka nje. Hatujazungumza vizuri tangu hapo.

Shangazi, Mungu anampa mtu kipaji ili afe nacho mfukoni? Niache kazi au nisiache?

Daktari wa Stegi, Busia

*

Daktari, mwanangu,

Kabla ya injini, na kabla ya Afande na kikombe chake, turudi kwenye sentensi moja uliyoiandika mbiombio kana kwamba inamhusu mtu mwingine. Wateja 214, wanaochelewa tisa.

Sijawahi kufanya kazi ofisini kwenu, lakini nimekopa na nimekopesha katika vikundi vya akina mama kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba tofauti ya tisa na arobaini haiji kwa ukali wa kudai. Huja kabla fedha haijatoka. Kuna anayejaza fomu akiwa mezani, na kuna anayekwenda kibandani saa kumi na mbili asubuhi kuona kama nyanya ni za leo au ni za juzi zimepanguswa kwa kitambaa. Huyu wa pili husikiliza jirani anavyocheka jina la mteja likitajwa. Hutazama daftari la mauzo kama limeandikwa kwa kalamu tofauti siku tofauti, au lote limejazwa usiku mmoja kwa ajili yake. Nabahatisha, lakini sidhani kama niko mbali: wewe ni huyu wa pili. Unaweka bisibisi sikioni kabla ya kufungua kitu.

Kwa hiyo sikubaliani nawe kwamba kipaji chako kimefungiwa ndani ya injini. Makanika wawili waliitazama Boxer ile wakaona pistoni, kwa sababu pistoni ndiyo inayoleta fedha. Wewe ulisikiliza mpaka ukajua sauti inatoka wapi. Kazi hiyohiyo umeifanya kwa watu 214 bila kuiita kipaji, labda kwa sababu hakuna aliyekupigia makofi stegi.

Sasa tuje kwenye sofa. Ungeniandikia kwamba umechoka na hesabu, au na vumbi la vijijini, au na kompyuta za jioni, ningekujibu vingine. Hukuandika hivyo. Uliandika habari za mtoto na muhogo wake. Mtu anaweza kuwa na mkono wa kazi fulani na bado kazi hiyo ikamharibia usingizi, kwa sababu ya kile anacholazimishwa kukifanya saa ya mwisho. Mengi ya barua ninazopata kuhusu vipaji ni barua kuhusu bosi. Yako nusu yake ni hivyo. Nusu nyingine ni injini kweli, na siidharau.

Cheo wanachokupa usikipokee kama kilivyo. Fikiria kitakachobadilika: sofa itabebwa bado, ila wewe hutakuwa mlangoni, utakuwa kwenye simu unamwambia kijana mwingine abebe. Kwa hizo 350,000 za nyongeza utauza kile kipande cha kazi unachokiweza (kukagua kabla ya kukopesha) na kununua kile kinachokukosesha usingizi. Mwambie meneja, kwa adabu, kwamba uko tayari kuwafundisha maafisa wapya namna ya kumkagua mteja na kupitia mikopo mikubwa kabla haijaidhinishwa, lakini timu ya kukamata mali huitaki. Mpelekee zile namba zako, tisa kati ya 214, ziseme zenyewe. Akikataa, umejua ofisi ile inakuona kama nani. Akikubali, umepata pumzi ya miezi kadhaa, nawe unaihitaji kwa sababu nitakayokwambia.

Mimi nilipenda kuoka keki. Hapa Tororo hakukuwa na harusi ya mtaani kwetu iliyopita bila keki yangu, nami nilizioka bure au kwa bei ya sukari. Watu wakanisifu mpaka nikaamini. Nikaacha ukarani, nikakodi chumba karibu na soko, nikanunua ovena kubwa ya mkaa. Mwezi wa pili nilianza kuhesabu masaa yangu kwa sababu sikuelewa kwa nini nachoka hivyo. Katika siku ya masaa kumi na nne, kuoka kulichukua matatu. Yaliyobaki yalikuwa ni kugombana na mwuza mkaa aliyeweka vumbi katikati ya gunia, kumfuata bwana harusi aliyekwishafunga ndoa na bado hajamaliza kulipa, kubeba keki ya ghorofa tatu kwenye boda huku nikiomba Mungu barabara isiwe na shimo, na kuosha. Kuosha, mwanangu! Nilipenda kuoka keki, lakini biashara ya keki sikuipenda hata siku moja. Nilivumilia miaka miwili. Ovena ile sasa kuku wangu wanatagia mayai, na keki naoka kwenye sigiri, Krismasi tu, na nimerudi kuimba kama wewe Jumapili.

Sikusimulii haya ili nikukatishe tamaa. Pale nilipokuwa na duka alikuja msichana wa kunisaidia, ambaye keki zake zilikuwa za kawaida kabisa. Lakini nilimkuta mara nyingi jioni, duka limefungwa, anapanga risiti na kupima unga uliobaki, anafanya hivyo huku akivuma wimbo. Gombana na mwuza mkaa? Alikuwa akingojea kwa hamu. Yeye leo ana duka lake. Nilikuwa na mkono, yeye alikuwa na tumbo la kuvumilia yale yanayouzunguka mkono, na sokoni tumbo lile ndilo lililolipwa.

Basi niambie: zile pikipiki nne, tano za Jumapili, wangapi hulipa? Nimetafuta kwenye barua sikuona. Unaishi katika mji uliozaa boda boda. Ni hapo mpakani, miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipoanza kuvusha watu na mizigo kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya wakiita boda, boda. Kwa hiyo wateja hutawakosa. Tatizo lao unalijua kuliko mimi: wengi pikipiki si yao, kila wiki wana fedha ya kumpelekea mwenye pikipiki au mkopeshaji. Ikikaa siku moja gereji, wamekula hasara. Watakuja mbio, watakuomba utengeneze sasa hivi, na watakwambia, "Daktari, jioni nakuletea." Jioni itafika. Kijana hatapita barabara ile wiki nzima. Utafanya nini? Utamfuata hadi stegi umwondolee betri abiria akiwa amekwishapanda? Siku hiyo utakuwa wewe ndiye kampuni, na hakutakuwa na msimamizi wa kumlaumu.

Hapo ndipo miaka yako sita inapogeuka mtaji. Makanika wengi wanaofunga milango hawafungi kwa kutojua injini. Wanafunga kwa sababu vitabu vya madeni vimejaa majina, spea walizokopa hazijalipwa, na hakuna aliyewahi kuwaambia wamkatae mteja. Wewe unajua nani wa kumkopesha na nani wa kumwambia alete nusu kwanza. Ukiweka sikio lako na daftari lako chini ya paa moja, hapo nakuona. Ukilitupa daftari kwa hasira kwa sababu limekukumbusha sofa, utakuwa na sikio zuri na njaa.

Kwa hiyo usiache kazi leo. Tafuta gereji ya fundi mzima, mtu mwenye foleni ya kweli, umwombe Jumamosi zako zote za miezi mitatu. Usiende kama Daktari. Nenda kama kijana wa kuosha spea kwa petroli, wa kutumwa dukani, wa kuandika daftari. Zile kazi za sifa, za kuweka bisibisi sikioni huku watu wamekuzunguka, mwachie mwenyewe. Halafu jiangalie. Siku mvua imenyesha, matope yamefika kwenye vifundo, umefungua na kufunga tairi la kumi na moja na hakuna hata injini moja yenye siri ya kusikiliza, je, bado mikono inataka? Mtu akikuuzia ringi feki zikarudi baada ya wiki, utachekelea kujifunza kuzitambua au utachukia biashara yote? Kazi ya gereji kwa sehemu kubwa ni cheni, tairi, kebo ya klachi na kubadilisha oili. Tik tik tik ya kuumiza kichwa huja mara moja kwa wiki, pengine. Mimi nadhani mtu ameipata kazi yake pale anapoona yale yanayowachosha wenziwe kwenye kazi hiyo, kwake hayamchoshi sana. Yale matamu yake hayapimi kitu, maana utamu kila mpita njia anaupenda.

Jambo jingine. Sikio lako limezoea valvu. Kampala tayari kuna boda za umeme, dereva anaingia kwenye kituo, anatoa betri iliyokwisha, anapachika iliyojaa, anaondoka. Pikipiki ile haina valvu, haina kabureta, haina oili ya kubadilisha. Sitabiri lini zitafika kwenu kwa wingi, lakini ukiwa na miaka 31 una miaka thelathini ya kazi mbele yako, basi ukijifunza Jumamosi hizo, jifunze na nyaya.

Fedha. Uliandika NSSF kana kwamba ni begi chini ya kitanda. Mwajiri anaweka asilimia 10, wewe unakatwa 5, lakini kuacha kazi peke yake hakufungui mlango. Sheria iliyorekebishwa 2022 inamruhusu aliyefika miaka 45 na kuchangia miaka 10 achukue sehemu tu, asilimia 20. Wewe una 31. Ifute kwenye hesabu ya gereji kabisa. Ukishajiajiri, sheria hiyohiyo inakuruhusu kuendelea kujiwekea kwa hiari, na fanya hivyo, maana fundi hana mtu wa kumkumbusha uzee.

Na ukifika wakati wa kuondoka, ondoka kwa mlango. Kwa sheria ya ajira ya 2006, aliyetumikia miaka mitano mpaka kumi anadaiwa notisi ya miezi miwili. Andika barua, tumikia miezi yako, omba barua ya utumishi mzuri. Utaihitaji siku ukienda kukopa mwenyewe, na utakopa. Milioni 2 na laki 3 zikilipa kodi ya kibanda, leseni ya manispaa, seti ya spana nzuri na kompresa ya mtumba, hazitabaki nyingi za spea. Mpango wa serikali wa Emyooga ulioanza 2019 una vyama vya akiba na mikopo vya makanika na vya boda boda katika kila jimbo. Ulizia chama cha kwenu, lakini chunguza viongozi wake kama unavyomchunguza mteja. Wengine wana fedha, wengine wana ubao wa matangazo tu. Mukene wa mke wako usiuguse. Ndio utakaolisha nyumba miezi sita ya mwanzo, na kabla hujaamua lolote muulize yeye kama yuko tayari kwa hilo. Umeniandikia anavyofurahia kukusikia ukiimba, hukuniandikia anachosema kuhusu kodi ya nyumba.

Cheti pia. Najua huhitaji karatasi kusikia valvu. Lakini nchi yetu ina utaratibu wa kumpima kwa vitendo mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti, wengi wanakifahamu kwa jina la Worker's PAS. Chuo cha ufundi kilicho karibu nawe watakuelekeza wapi pa kujiandikisha. Kampuni ikitaka fundi wa kutunza pikipiki zake ishirini, itauliza karatasi. Na kampuni, tofauti na kijana wa stegi, hulipa kwa risiti. Tena unaijua kampuni moja yenye pikipiki nyingi za maafisa zinazokwenda vijijini kutwa nzima.

Sasa Afande. Kosa lako ni kwamba ulimpelekea uamuzi. Mzee aliyetoa amri na kupokea amri maisha yake yote, ukimletea uamuzi uliokwishakatwa, ana majibu mawili tu, ndiyo au kikombe chini. Rudi kwake, na safari hii usimwombe ruhusa. Muulize oili ilimfanya nini. Mtu hasemi "nimeinusa miaka 22" bila kuwa na kitu nyuma yake. Huenda ni mgongo wa kulala chini ya malori, huenda ni kidole, huenda ni afisa mdogo aliyemwita fundi kwa sauti ya dharau mbele yako ukiwa mtoto nawe umesahau. Msikilize mpaka mwisho, usimkatize hata akirudia, maana atarudia. Baba yako ndiye mtu pekee katika habari hii aliyefanya kazi unayoitamani kwa miaka 22, na wewe umekuja kumwuliza mwanamke wa keki.

Ng'ombe wale wawili usiwajibu kwa maneno. Diploma waliyoilipia ndiyo iliyokufundisha lile daftari. Mwonyeshe daftari la gereji ya Jumamosi, likiwa limejaa miezi mitatu: kilichoingia, kilichotoka, nani anadaiwa. Mwanajeshi anaheshimu kitabu kilichoandikwa vizuri. Na kama nyumbani kwake kuna jenereta au pampu inayokohoa, usiiguse mpaka akwambie.

Mwisho wa mwezi uko karibu, kwa hiyo anza na meneja. Na ukiniandikia tena, nijulishe jambo ambalo barua yako haikulisema. Sofa ya yule mama iko wapi sasa? Ilikuwa imebaki 180,000, na wewe una milioni mbili na laki tatu.

Shangazi, Tororo